Kazi ya mbali ukiwa Uganda: jinsi ya kuwasiliana na wenzako kazi isikwame

Watu wengi hapa walianza kufanyia kazi nyumbani Machi 2020 lokidauni ilipoingia, wengine wakarudi ofisini, wengine hawakurudi tena, na siku hizi unakuta mtu yuko Arua, bosi wake yuko Ntinda, mhasibu yuko Nairobi na mwenye pesa yuko London. Miongozo mingi ya kazi ya mbali unayokutana nayo inaonekana imeandikwa na watu ambao umeme wao haukatiki, wanakwambia washa kamera, tabasamu, vaa shati safi, basi. Hapa kwetu shida si shati. Shida ni kwamba kuna saa utapotea tu, umeme utaenda, bando itaisha, mvua itapiga na netiwaki itashuka, na mwenzako atabaki na meseji yako ya mwisho peke yake. Kwa hiyo kabla hujabonyeza tuma jiulize hivi: nikipotea sasa hivi mpaka jioni, huyu mtu ataweza kuendelea na kazi kwa hiki nilichoandika? Kama jibu ni hapana, ongeza sentensi moja au mbili. Hatua zote hapa chini zinazunguka hapo hapo.

Hatua ya 1: Kubalianeni kitu gani kinapita wapi

Timu nyingi zinaanza kazi bila kuongea hili, halafu kila kitu kinaishia WhatsApp. Ripoti iko WhatsApp, ruhusa ya kulipa iko WhatsApp, na hiyo WhatsApp ndo hiyo hiyo yenye grupu ya ukoo, grupu ya kwaya, grupu ya wazazi wa shule na kikao cha harusi ya binamu ambapo watu wanatuma ahadi za michango mpaka usiku. Meseji ya kazi ikiingia hapo katikati inazama, na hata mtu mwaminifu kabisa ataisahau.

Kaeni siku moja mkubaliane, hata kwa simu ya dakika 20. Mpango ambao nimeona unafanya kazi kwa timu ndogo ni huu: simu ya kawaida ni kwa kitu kinachoungua sasa hivi, WhatsApp ni kwa mambo ya leo, na kitu chochote ambacho mtu atakitafuta tena mwezi ujao kinaenda kwenye imeli au kwenye faili la pamoja. Yaani bei iliyokubaliwa, jina la anayehusika, tarehe, nani kasema ndiyo. WhatsApp mnaweza kujadili mnavyotaka ila mkishafikia uamuzi mtu mmoja auhamishe.

Wanaotumia Slack ya bure, ile programu ya meseji za kazi, wajue kwamba inawaonyesha meseji za siku 90 tu, za nyuma ya hapo zinafichwa, na nimeona watu wanakuja kutafuta makubaliano ya miezi sita iliyopita hawayapati halafu wanaanza kulaumiana kwa kumbukumbu za kichwa. Kama hamlipii, msiifanye kabati lenu la mafaili.

Na Facebook muiache kabisa kwenye mambo ya kazi kama kuna mtu wa timu yuko Uganda. Imefungwa tangu Januari 2021 wakati wa uchaguzi, bila VPN, yaani programu inayofanya simu ionekane iko nchi nyingine, huifungui. Hiyo VPN yenyewe watu wengi tuliizoea tangu Julai 2018 ilipokuja ile kodi ya OTT, yaani kodi ya kutumia mitandao ya kijamii, ya shilingi 200 kwa siku, kodi ikaondolewa 2021 na badala yake ikawekwa asilimia 12 kwenye bando, ila VPN ikabaki kwenye simu. Sasa ukisahau kuizima halafu ukaingia kwenye akaunti za kazi, mfumo unaona umeingia kutoka nchi nyingine ambayo hujawahi kufika, unaweza kufungiwa, halafu unaanza kumpigia simu mtu wa IT siku ya dedilaini. Izime kabla ya kuanza kazi.

Hatua ya 2: Salamu na hoja ziende meseji moja

Hii ni ndogo ila inakula muda wa watu kuliko miting'i zote. Mtu anatuma "Habari dada." Kimya. Dada anaona baada ya dakika 40, anajibu "Nzuri kaka, habari za huko?" Kaka naye sasa yuko kwenye boda, anajibu baada ya saa moja "Huku salama tunashukuru Mungu." Kimya tena. Jua linazama bado hatujajua kaka alikuwa anataka nini.

Sisemi muache kusalimia, mi mwenyewe mtu akiniingilia na "tuma ile faili" bila hata habari ya asubuhi naona ana lake, na hapa kwetu mtu asiyesalimia anahesabiwa hana malezi, hata mpita njia unamwambia gyebale, yaani pongezi kwa Kiluganda, kwa kazi anayofanya. Salimia, ila usisubiri jibu la salamu. Weka kila kitu humo humo:

"Habari za asubuhi dada, poleni na mvua. Naomba ile orodha ya wakulima wa Masaka, ile ya mwezi wa tano iliyosahihishwa. Naihitaji kabla ya 14:00 leo kwa sababu bosi anaituma Nairobi 15:00. Kama haijakamilika nitumie ilipofikia, nitaandika kwamba itaendelea. Asante sana."

Angalia ina nini: ni kitu gani, ni toleo lipi, ni lini, ni kwa nini, na kama haiwezekani afanye nini. Hiyo ya mwisho watu wanaisahau na ndo inayookoa siku, kwa sababu hata wewe ukipotea yeye ana njia ya kufuata. Akiwa mtu mzima kwako anza na shikamoo mzee au shikamoo mama kama mnaongea Kiswahili, akiwa bosi wa Kampala aliyezoea ssebo (bwana) au nyabo (bibi) mpe hiyo, haikugharimu kitu. Ila hoja ifuate hapo hapo.

Hatua ya 3: Saa. Hapa tulia usome vizuri

Kama kuna kitu kimoja cha kubadilisha wiki hii basi kiwe hiki. Sisi mdomoni tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza, Waganda nao wanahesabu hivyo hivyo kwa lugha yao, lakini simu, kalenda na laptopu zinahesabu kuanzia usiku wa manane. Kwa hiyo mtu anasema "miting'i ni saa tatu", mmoja anafika 9:00 asubuhi, mwingine aliyeisoma kwa kichwa cha Kiingereza anaingia 15:00 mchana anakuta hakuna mtu, na kila mmoja ana hakika yeye ndo yuko sawa. Uso kwa uso hili halitokei sana kwa sababu mnaonana, jua mnaliona, mtu anaongeza "asubuhi" bila kufikiria. Kwenye meseji linatokea, na linatokea zaidi kwa timu iliyochanganya Waganda, Wakenya, Wakongo na mzungu mmoja aliyejifunza Kiswahili juzi.

Dawa yake: kwenye maandishi tumieni namba za saa 24 na jina la mji, na mkitaka ongezeni ya mdomo pembeni. "Alhamisi 15:00 Kampala, yaani saa tisa mchana." Inaonekana ndefu lakini hakuna mtu atakosea.

Jina la mji si mapambo. Kampala, Nairobi na Dar es Salaam zina saa ile ile, hapo hamna shida. Lakini Kigali, Bujumbura na Goma ziko nyuma yetu kwa saa moja, na Kinshasa kwa saa mbili. Juba zamani ilikuwa sawa na sisi, ikarudi nyuma saa moja tarehe 1 Februari 2021, na bado kuna watu wanaofanya kazi na Juba kila siku hawajalizoea hilo. London ndo inasumbua zaidi kwa sababu wao wanasogeza saa zao mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo miezi ya kiangazi chao tunawazidi saa mbili na miezi ya baridi saa tatu. Marekani nao wanasogeza ila si siku ile ile na Uingereza, hivyo kuna wiki kadhaa Machi, na moja hivi kuelekea Novemba, ambapo ratiba yote inavurugika. Sisi saa zetu hazisogei, ndo maana tunasahau kwamba za wengine zinasogea. Weka miting'i kwenye kalenda ya Google yenye mji uliochaguliwa, iache yenyewe ihesabu.

Halafu kuna haya maneno: "jioni", "baadaye kidogo", "kesho mapema", "nakuja sasa hivi". Kwenye maongezi ni sawa, kwenye kazi kila mtu ana jioni yake. Na "usiku wa Jumatano" ni mtego mbaya, kwa sababu kwetu usiku unahesabiwa na siku inayofuata, usiku wa kuamkia Jumatano ni ule wa Jumanne kwa mujibu wa simu yako. Dedilaini ya usiku usiiweke kabisa kama huna lazima. Sema "Jumanne kabla ya 17:00 Kampala" mambo yaishe.

Hatua ya 4: Jipange kupotea

Kampuni iliyoitwa Umeme, iliyokuwa inasambaza umeme Uganda, ilimaliza mkataba wake wa miaka 20 tarehe 31 Machi 2025, serikali ikakabidhi kazi kwa kampuni yake ya UEDCL, lakini umeme wenyewe bado unakatika na watu bado wanasema Umeme wamekata. Na saa zingine hata si wao, ni Yaka yako, ile mita ya kulipia kabla, imeisha uniti usiku na hukuona. Vyovyote vile mwenzako wa Dar hajui kama umekatiwa, umelala au umeacha kazi.

Kwanza, toa taarifa kabla. Kama mtaa wenu umetangaziwa kukatwa umeme Jumanne kutwa, andika Jumatatu. Kama chaji imebaki asilimia 15 na hujui umeme unarudi lini, usitumie hiyo asilimia 15 kumalizia kazi kimya kimya, tumia dakika mbili za mwanzo kuandika:

"Umeme umeenda huku Kisaasi, laptopu ina kama dakika 20. Ripoti nimefika ukurasa wa 8, ipo kwenye faili la pamoja. Zimebaki jedwali za Gulu na Lira, data yake iko kwenye folda ya Juni. Nikiwa sijarudi kufikia 16:00, kaka wa Mbale amalizie, nimeshaongea naye. Simu iko hewani kwa kupigiwa."

Ukirudi, usianze kujitetea aya nzima kuhusu transfoma, andika tu nimerudi, nimeona meseji mpaka ile ya 13:20, naanza na hiki. Watu wanataka kujua umefika wapi kusoma.

Pili, faili. Google Docs inaweza kuwekwa ifanye kazi bila intaneti lakini lazima uiweke hivyo kabla netiwaki haijaenda, fanya leo. Na jina la faili liwe na tarehe na mahali, "ripoti_mwisho_mwisho_mpya" halimsaidii mtu ambaye hawezi kukuuliza.

Tatu, bando. Usimlazimishe mwenzako kufungua video. Miting'i ya sauti tupu ya saa nzima inakula makumi ya MB tu, ile ya video ya watu wengi inaweza kupita MB 700 na ikiwa picha safi kabisa inapita GB moja, na kama mtu ananunua bando ya siku kwa pesa yake mwenyewe hiyo si haki. Mabosi mnaosoma hapa: mkisema watu wafanye kazi nyumbani na hamtoi pesa ya bando na chaji, msishangae mtu anakuwa "offu" kila siku saa nane mchana. Mimi naona hilo ni sehemu ya mawasiliano kabisa, mtu hawezi kuongea na wewe kwa intaneti ambayo hana. Na mfanyakazi, kama uwezo upo, kuwa na laini mbili, MTN na Airtel, maana mara nyingi moja ikilala nyingine inakuwa macho.

Nne, orodha ya namba za simu kwenye karatasi au kwenye simu ya kila mmoja, si kwenye faili la mtandaoni peke yake. Januari 2021 intaneti ya nchi nzima ilizimwa kuanzia usiku wa tarehe 13 mpaka tarehe 18, simu za kawaida na SMS zikabaki. Timu zilizokuwa zinajuana kwa imeli na Slack tu zilikaa siku zote hizo bila kujua mwenzao yuko wapi. Kubalianeni sasa: intaneti ikienda yote, nani anampigia nani, na nani anaitaarifu ofisi ya nje. Mtu wa Nairobi anafaa hapo, yeye atakuwa na intaneti.

Hatua ya 5: Miting'i

Kabla hujaita watu, andika kwanza unataka nini kitoke humo. Kama jibu ni "kupashana habari" basi iandike habari yenyewe, watu waisome wakipata netiwaki. Ita miting'i pale ambapo kuna kubishana au kuamua, au kuna mtu mgeni ambaye timu haijawahi kumsikia sauti.

Zoom ya bure inakata dakika 40 kwa kundi, Google Meet ya bure dakika 60, na kusema ukweli hiyo dakika 40 imeokoa watu wengi. Anzeni na jambo zito, maana nusu ya watu netiwaki itawatupa nje kabla ya mwisho, na salamu na stori za wikendi zipewe dakika tano za kwanza wakati mnasubiri wanaochelewa kuingia. Kamera zifunguliwe wakati wa kusalimiana kama bando zinaruhusu, halafu zifungwe. Maiki zote myuti isipokuwa anayeongea, kwa sababu jogoo wa jirani, spika ya kanisa na mtoto anayedai chapati wote wanakuja kwa pamoja, hamna aibu hapo, kila mtu ana jogoo.

Sasa jambo ambalo wengi hawaligusi. Kwenye timu zetu mtu mdogo hapingi mkubwa mbele ya watu. Bosi anauliza "kuna mwenye swali?", kimya, anasema "vizuri, tumekubaliana", na baada ya dakika tano simu zinaanza kupigwa pembeni, "wewe, hiyo ratiba haiwezekani kabisa." Ofisini bosi angeona nyuso zimekunjamana, kwenye sauti tupu haoni kitu. Kwa hiyo ukiwa ndo unaongoza usiulize kundi, uliza mtu kwa jina, na anza na wadogo kabla mkubwa hajasema msimamo wake, maana akishasema hakuna wa kumvuka. Usiulize pia "ni sawa?" kwa sababu jibu ni ndiyo tu. Uliza "ni kitu gani kitatukwamisha tukienda hivi?" Hapo hata mwenye haya anapata mlango, kwa sababu anajibu swali, hapingi. Na baada ya miting'i wape nafasi ya kuandika peke yao kwako mpaka kesho yake, utashangaa mengi yanakuja usiku.

Mwisho wa miting'i, ndani ya saa moja, mtu mmoja aliyetajwa mapema aandike mistari mitatu au minne: tumeamua nini, nani anafanya nini, lini. Hamhitaji kumbukumbu za kurasa tatu. Aliyetupwa nje na netiwaki aweze kusoma na kujua kazi yake bila kumuuliza mtu.

Hatua ya 6: Voisi noti, vidole gumba na lugha

Voisi noti ni tamu kwa anayetuma. Kwa anayepokea akiwa ndani ya takisi ya kwenda Mukono bila iyafoni ni mateso, na huwezi kutafuta neno ndani ya sauti. Sheria nyepesi: isizidi dakika moja, na chini yake andika mstari mmoja wa inahusu nini. Namba za pesa, tarehe na akaunti zisiende kwa sauti hata siku moja, sifuri moja ikisikika vibaya ni milioni.

Kile kidole gumba nacho mkipe maana moja. Kuna anayekituma akimaanisha nimeona, kuna anayemaanisha nimekubali, na kuna anayetuma tu ili grupu itulie. Semeni kwamba kidole gumba ni nimesoma, basi, na ahadi ya kufanya kazi inaandikwa kwa maneno: "naifanya, itakuwa tayari Ijumaa 12:00."

Lugha. Timu ya Kampala ikikolea inahamia Luganda bila kujijua, utani umo humo, na uamuzi unapitia humo humo, na yule wa Arua au wa Goma anabaki anasoma emoji. Taniana kwa lugha mnayotaka ila uamuzi uandikwe kwa lugha ambayo kila mtu wa kundi anaisoma, kiwe Kiswahili au Kiingereza, na mkichagua Kiswahili andikeni maneno kamili, ile tabia yetu ya mtaani ya kukatakata maneno Mtanzania haelewi na Mkongo ndo kabisa. Usidhani pia mtu anayeandika Kiingereza kifupi kifupi amekasirika, huenda ni lugha yake ya tatu.

Hatua ya 7: Kukosoa na kugombana

Makosa ya mtu yasisemwe kwenye grupu. Kamwe. Uso kwa uso ungemvuta pembeni, kwa simu mpigie. Usimwandikie pia, kwa sababu maandishi hayana sauti na atayasoma kwa sauti mbaya kuliko uliyokuwa nayo. Mpigie, muulize kilichotokea kwanza, mkimaliza ndo unaandika makubaliano kwa upole: "asante kwa maongezi, tumekubaliana kwamba kuanzia Juni risiti zinaingia kila Ijumaa." Sifa ndo ziende kwenye grupu, na ziwe za kitu fulani, si "hongereni timu" kila siku mpaka inapoteza ladha.

Ukiwa umekasirika andika, halafu usitume, nenda kanunue rolex, ile chapati ya mayai, rudi usome. Kama ilishatoka, WhatsApp inakuruhusu kuihariri ndani ya dakika 15, na Gmail ina nafasi ya kurudisha imeli uliyotuma ambayo unaweza kuipandisha mpaka sekunde 30, nenda kwenye mipangilio uipandishe leo, hakuna sababu ya kubaki na sekunde 5.

Na ukiwa wewe ndo umechelewa na kazi, sema mapema, ukiwa bado una kitu cha kutoa. "Leo sitaweza yote, nina nusu, naituma sasa, nyingine kesho 11:00" inavumilika. Kimya mpaka mtu akutafute ndo kinachowafanya mabosi waanze kudai watu warudi ofisini.

Hatua ya 8: Sikukuu, misiba na kuondoka

Wekeni kalenda moja yenye sikukuu za nchi zote mlizopo. Tarehe 3 Juni Uganda ni siku ya Mashahidi na barabara ya Namugongo haipitiki, tarehe 9 Juni ni Mashujaa wetu, wakati Kenya wana Madaraka tarehe 1 Juni na Mashujaa yao ni Oktoba 20. Tanzania wanapumzika Julai 7 na Agosti 8, siku ambazo sisi tunapiga kazi kama kawaida na kulalamika hawajibu. Idi inategemea mwezi, weka siku mbili za tahadhari. Usiku ukipata wazo, andika ila panga litoke asubuhi, Gmail na Slack zote zinaruhusu, maana meseji ya bosi saa nne usiku hata ukiandika "si haraka" hakuna anayeamini.

Misiba ndo inatukuta ghafla. Mtu anaondoka usiku kwenda kijijini kuzika, siku tatu au nne, huko netiwaki ya kutafuta juu ya kichuguu, na hakuna mtu mwenye utu wa kumsumbua. Ndiyo maana kila mtu awe na ukurasa mmoja kwenye faili la pamoja anaousahihisha kila Ijumaa mchana, wenye mambo manne tu: kazi nilizo nazo na zilipofikia, nani wa nje anasubiri kitu kutoka kwangu na namba yake, mafaili yako wapi, na nani ananishikia nafasi. Nywila zisiwekwe humo, hizo zina mahali pake. Ukiwa na huo ukurasa, siku ya msiba unaandika mstari mmoja tu, "nimefiwa, naenda Soroti, ukurasa wangu uko sawa mpaka jana", na aliyetajwa kukushikia anafungua na kuanza. Asiyetajwa mtu wa kumshikia asihesabiwe amemaliza ukurasa wake, amtafute mtu huyo wiki hii na wapigiane simu waongee.